Sarafu za Lifti

Lifti ya jengo letu, Tbilisi, haikubebi bure:
utumbukize sarafu ndipo mlango ujifunge.
Tangu Februari nimeinyima.
Ghorofa tisa, ngazi mia na sitini na mbili,
mgongoni begi alilorudi nalo Zaza kutoka jeshini,
ndani yake kilo nane za maharage.
Kila sarafu niliyoinyima lifti
niliidondosha kwenye chupa ya jamu.

Miaka thelathini na mbili nimeshona sare za manesi.
Nimekaa. Mguu mmoja tu ndio uliofanya kazi,
wa kulia, kwenye kanyagio la cherehani.
Ungehesabiwa mwendo wake, mguu huo
umekwisha fika China ukarudi,
nami sijanyanyuka kitini.

"Tsiuri, unahama?"
Lamara wa ghorofa ya nne, mlango nusu,
pua kwanza, maneno baadaye.
"Najizoeza."
"Kuhama?"

Aprili nikayapika maharage, nikaanza kupima mzigo wa kweli
kwa mizani ya unga.
Soksi jozi tatu. Koti la mvua. Sindano na uzi, mazoea.
Mswaki nikaukata mpini.
Kitabu cha sala cha mama nikakipima mara mbili,
labda mara ya pili kingenionea huruma.
Nikanakili ukurasa mmoja kwa penseli,
nikauweka juu ya mizani:
mshale haukutikisika.

Viatu vilikuwa vikali kama mawifi.
Nikavivaa sokoni, nikavivaa nikikanda unga,
usiku mmoja nililala navyo.
Wiki nzima malengelenge; wiki ya pili tukaelewana.

Haba na haba, chupa ikajaa hadi shingoni.
Nikatoa nauli ya treni, nikatoa ya basi la milimani,
zilizosalia nikazifunga kwenye leso.

Siku ya kwanza, mvua.
Siku ya pili, mvua, na mbwa asiye na mwenyewe
aliyenisindikiza hadi jibini ilipokwisha.
Mpanda ngazi hushuka, husema watu;
hawasemi magoti yake hushukaje.
Nilishuka kinyumenyume, kama anayeaga wafalme,
nikakutana uso kwa uso na theluji niliyokuwa nimeipa kisogo,
ya waridi, jua likizama,
nikasahau kushuka.

Siku ya tatu Adishi,
kijiji chenye minara mingi kuliko moshi.
Pirimze, aliyenilaza, alinipa mkate wenye nyama tumboni
na chumvi ya vitunguu saumu iliyonukia hadi kwenye ndoto.
"Unatembea kwa nadhiri?" akauliza.
"Hapana."
"Kwa huzuni?"
"Hapana, mama. Kwa miguu."
Akanikatia kipande cha pili.

Asubuhi, mto.
Maji ya barafu, rangi ya saruji mbichi,
yakiviringisha mawe chini kwa chini, ukayasikia yakigongana.
Daraja hakuna. Yupo Bekmurza na farasi wa kijivu,
mkono umekwisha nyooshwa.
Nikafungua leso, nikamhesabia kiganjani:
ishirini, ishirini, ishirini,
sarafu za miezi mitano ya ngazi.
"Umevunja kanisa?" akasema.
Nikacheka hadi farasi akageuza shingo.
Ghorofa tisa nimezikimbia lifti,
hapa, juu ya dunia, nailipa tena,
hii yenye masikio.

Nikavuka nimekumbatia shingo yake yenye joto,
soksi kavu, macho yamelowa, kwa upepo,
tuseme ni upepo.

Ng'ambo, simu ikapata mtandao kwa dakika moja.
Lamara, anahema:
"Lifti imekufa tangu Jumanne! Nipo ghorofa ya pili,
nimeshikilia ukuta. Wewe ulikuwa ukipumuaje?"
Nikatazama njia: ilipinda, ikapanda,
ikaingia katika maua meupe yaliyonifika kiunoni.
"Usihesabu ngazi," nikamwambia. "Una maharage nyumbani?"
"Ninayo."
"Anza na kilo mbili."
Mtandao ukakatika.